Bega la Kushoto

Anayesema kushona shati ni kazi ndogo, mleteni hapa nimwone uso. Shati lina mikono miwili, na ukiishona kwa haraka itakataa kufanana hata uape. Lina kola, ambayo ni balaa peke yake. Lina matundu ya vifungo yanayotaka macho ya mtu aliyelala vizuri. Sasa mpe kazi hiyo mwanamume wa miaka hamsini na mbili, karani wa masjala, ambaye tangu azaliwe hajashika sindano ila kwa kutolea mwiba. Huyu ndiye ninayetaka kusimulia habari zake. Alijifunza kushona kwa sababu moja tu: mama yake mzazi alikuwa hamjui tena, ila kwa shati.

Itabidi tuanze na mgongo wake. Mwenyewe hapendi tuanzie hapo, lakini sina njia nyingine. Alikuwa na kibiongo. Mgongo ulianza kupinda angali mtoto. Upande wa kulia ukanyanyuka, wa kushoto ukabonyea, na bega la kushoto likashuka. Mashati ya dukani yalimtia aibu: huku yamebana, huku yananing'inia. Mama yake, aliyekuwa mfagizi wa shule, akanunua cherehani ya mkono iliyokwisha tumika, akajifundisha mwenyewe kwa kuharibu vitambaa, akawa anamshonea. Hakumshonea mtu mwingine. Majirani waliokuja na vitambaa vyao waliambiwa fundi yuko ng'ambo ya barabara, hapa pana mama wa mtu tu.

Kila mwaka lilitoka shati, mwaka wa neema mawili. Akishamvika alimgeuza, akapitisha kiganja mgongoni kutoka shingoni mpaka kiunoni, akasema, "Unaona? Unanyooka, babangu. Mwaka jana haukuwa hivi."

Naye aliamini. Mtamlaumu? Nyumba nzima haikuwa na kioo ila kile kidogo cha kunyolea ndevu, na hakuna mtu anayejiona mgongo. Ofisini walimwita Karani mbele yake, na nyuma yake walimwita wanavyojua wao. Kwamba ana kibiongo alijua, hakuwa mjinga. Ila alijua pia kwamba kinapungua, maana mama alisema.

Kisha mama akaanza kusahau. Akasahau miwani, akasahau chumvi, akasahau siku, akafika mahali pa kusahau kama amekula. Karani akamleta mama mdogo, yaani mdogo wake mama, aje kukaa nao amwangalie mchana. Mambo yakaenda hivyo hivyo, kwa kuvumiliana, mpaka jioni moja Karani aliporudi na shati walilogawiwa ofisini, jipya, lenye nembo mfukoni. Akaingia chumbani kumwamkia mama yake kama kawaida.

"Mwizi!" mama akapiga ukelele. "Mwizi jamani! Kaingia na viatu!"

Mama mdogo akaja mbio na mwiko mkononi. Karani akatoka kinyumenyume. Sebuleni akavua lile shati la nembo, akavaa lake la kijivu lililokuwa kwenye kamba, akarudi akiwa na hofu. Mama akatulia hapo hapo. Akanyoosha mkono, akalipapasa bega la kushoto.

"Ulikuwa wapi, babangu? Kuna mwizi kapita hapa sasa hivi."

Walijaribu tena siku nyingine, na nyingine, wakaona ndivyo. Shati la mama, ni mwanawe. Shati jingine, ni mwizi. Uso haukusaidia, sauti haikusaidia, jina ndiyo kabisa. Na mashati ya mama, kwa kuwa macho yake yalikuwa yameacha kushona zamani, yalikuwa yamekwisha chakaa moja baada ya moja yakawa matambara ya jikoni. Limebaki hilo la kijivu, la mwisho kushonwa. Kola ilikuwa imegeuzwa, viwiko vina viraka, na kitambaa kimelegea mpaka ukikiinua dirishani unaona mtu anayepita nje. Karani alilivaa kwa ajili ya chumba kile tu. Akitoka kazini alibadili sebuleni, akaingia, akakaa na mama yake, akatoka, akalifua kwa ncha za vidole. Upande wa kushoto ulichelewa sana kukauka. Alidhani mashati yote ya mama ndivyo yalivyo.

"Likichanika hili nimekwisha," alimwambia mama mdogo.

"Usiseme hivyo."

"Niseme vipi, mama mdogo? Niingie kwa mama yangu kwa hati ya kusafiria?"

Mama mdogo alicheka, halafu akajifuta macho kwa upindo wa nguo.

Basi akavuka barabara kwa fundi. Fundi alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye futi shingoni na pini mdomoni, anayeongea bila kuzitema wala kuzimeza, Mungu ndiye anajua alivyofanya. Cherehani yake ilikuwa barazani, na nyuma yake kioo kirefu cha wateja. Karani alijipanga kwa namna ya kutokitazama.

"Niachie hilo shati la mfano," fundi akasema.

"Siwezi. Nalihitaji jioni."

"Shati moja, mzee? Masjala hawalipi?"

Akaona haya kueleza. Fundi akampima mwilini, akamshonea shati la kijivu lililonyooka mishono kama mistari ya daftari. Karani alipoingia nalo chumbani, mama alivuta shuka mpaka kidevuni, akamwomba kwa adabu achukue anachotaka aende zake, asimdhuru. Ukelele wa siku ile ulikuwa na nafuu kuliko adabu hiyo.

Karani akarudi kwa fundi na shati mkononi. Safari hii alieleza yote. Fundi alizitoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye mto wake.

"Mimi nashona kwa mkono wangu," akasema. "Wa mama yako siujui. Wewe umeuvaa maisha yako yote. Nunua kitambaa, njoo Jumamosi nikufundishe. Ukishajua kupiga mstari, utalifumua hilo la zamani, kila kipande ukilaze juu ya kitambaa kipya, ukate vile vile. Wanaoanza wote hufanya hivyo."

"Nilifumue? Ndilo pekee!"

"Ndiyo maana nakwambia ujue kwanza kupiga mstari."

Akajifunza kwa mashuka yaliyotoboka. Looh, mateso! Cherehani ya mama ilikuwa ya kuzungusha kwa mkono wa kulia huku wa kushoto unaongoza kitambaa, na mikono yake, iliyozoea mafaili, haikutaka kuachana. Mkono wa kulia ukizunguka, wa kushoto nao unaanza kuchora duara. Alitia uzi kwenye sindano kwa upande usio wake, uzi ukakatika mara saba. Alizungusha gurudumu kinyumenyume, chini ya kitambaa pakajaa nyuzi za kuweza kutagia kuku. Alikata mikono miwili yote ya upande wa kushoto.

"Hongera," fundi alisema akiishika mikono ile. "Sasa tutafute mtu wa kuivaa."

Kosa lake kubwa lilikuwa jingine. Fundi alimfundisha kama anavyowafundisha wote: mgongo wa shati hukatwa kwa kukunja kitambaa katikati, unakata nusu, ukikunjua unapata nzima, pande zote sawa. Akakata hivyo shuka la mazoezi, akaunganisha, akavaa. Upande mmoja ukabana akashindwa kupumua, mwingine ukavimba. Fundi akalivuta huku, akalivuta kule. Karani ndipo alipokumbuka kwamba maisha yake yote alimwona mama yake akikata akiwa amepiga magoti sakafuni, kitambaa kimetandazwa chote. Mama hakuwahi kukunja.

Baada ya miezi miwili mishono yake ilinyooka. Na saa ilikuwa imefika, kwa sababu lile la kijivu lilikuwa limeanza kupasuka kwapani. Jumapili asubuhi akakaa mezani, akachukua wembe. Akafumua ubavu, akafumua mkono, akafumua bega la kulia. Alipofika la kushoto wembe ukagoma. Bega hilo lilikuwa nene siku zote. Mama alimwambia ni bitana ya kuzuia mkoba usimchakazie shati. Akakata uzi wa bitana, na kutoka ndani yake kikaanguka kitu mezani.

Kilikuwa kipande kinene mfano wa godoro dogo, kipana begani, chembamba kuelekea kiunoni, katikati unene wa vidole viwili, kimeshonwa kwa mkono, mishono midogo midogo. Akakigeuza. Akakifumua pembeni. Zilikuwa tabaka za vitambaa, na kila kitambaa alikijua.

La juu kabisa lilikuwa shati la bluu alilochakaza kabla ya kushonewa la kijivu. Chini zaidi, la mistari myembamba aliloendea usaili wa masjala. Chini, jeupe. Hilo jeupe alilivaa siku walipokwenda, yeye na mama, nyumbani kwa msichana mmoja kuzungumza habari za uchumba, wakapewa maji ya kunywa na kuambiwa watajibiwa. Jibu halijaja mpaka leo. Njiani mama alisema, "Shati lilikukaa vizuri. Wao ndio hawana macho." Akaendelea kufumua pembeni. Akahesabu tabaka kumi na moja. Ya ndani kabisa ilikuwa kitambaa cha sare ya shule ya msingi, ukubwa wa kiganja cha mtoto.

Akazifuata tena kwa kidole, kutoka juu mpaka chini. Kumbe kila baada ya miaka michache mama alikata tabaka moja kwenye shati lililokufa, akaongeza kwenye linalofuata, kwa sababu bega lilizidi kushuka na shimo la mgongo likazidi. Mgongo haukuwa ukinyooka. Lililonyooka lilikuwa shati.

"Ulijua?" alimuuliza mama mdogo, kile kipande mkononi.

Mama mdogo aliweka sufuria chini. "Nilijua. Ulikuwa darasa la tatu. Ulirudi umelia, wamekuita sijui nini. Dada akakuwekea kitambaa kimoja tu. Ukapita dukani, ukajiona kwenye kioo cha dirisha, ukarudi unakimbia, unasema, mama, nimepona. Angefanyaje?"

"Angeniambia!"

"Mtoto wa darasa la tatu?"

"Nimekuwa wa darasa la tatu miaka arobaini na mitatu, mama mdogo?"

Karani akavuka barabara, fundi hayupo, baraza tupu. Akasimama mgongo kwa kile kioo kirefu, akainua kioo chake cha kunyolea, akajitazama kwa mara ya kwanza kama wengine wanavyomtazama. Alitazama sana. Kisha akarudi nyumbani, akakitupa kile kipande ndani ya droo ya cherehani, na akaapa kwamba shati lake litakuwa la mgongo alio nao.

Alikuwa na hasira, na mimi simlaumu kwa hasira yake. Lakini shati la zamani lilikuwa vipande mezani, na jipya halijakuwa shati. Wiki tatu hakuweza kuingia kwa mama yake. Kila jioni alikaa sebuleni, anapiga bandi, ule mshono wa kushikiza tu, anafumua, anapiga tena, na ukuta ule mwembamba ulimletea sauti kutoka chumbani.

"Mtoto hajarudi kazini?"

"Yuko njiani, dada," alijibu mama mdogo.

"Siku hizi wanawachelewesha."

Na Karani yuko hapo hapo, hatua sita kutoka kitandani, sindano mkononi, hathubutu hata kukohoa. Kuna jioni alibana kitambaa mdomoni asisikike. Wembamba wa ukuta huo aliulaani.

Siku ya siku shati likaisha. Na lilikuwa shati, nisiwe mchoyo wa sifa. Alikuwa amekata kila kipande peke yake, kitambaa kimetandazwa chote sakafuni, bila kukunja. Vifungo alivishona kama mama, uzi umezungushwa shingoni mwa kifungo mara tatu. Kola ilikaa. Fundi aliligeuza ndani nje, akatafuta pa kutania, akakosa. "Umenifungia duka," akasema. Lilimkaa mwilini sawasawa, penye mwinuko mwinuko, penye shimo shimo.

Akaingia chumbani. Mama alikuwa amekaa kitandani, miguu chini. Hakupiga kelele. Akanyoosha mkono mwenyewe, na Karani akasogea. Kiganja kikashuka shingoni, kikapita begani, kikaanguka pale kwenye shimo, kikasimama. Kikapapasa tena.

"Pole, mzee," mama akasema taratibu, kama anavyosemeshwa mgonjwa wa watu. "Umekosea nyumba. Mimi nina mwanangu mmoja tu, na mgongo wake umenyooka."

Karani alisema, "Samahani, mama," akatoka, akafunga mlango polepole.

Hasira yote ilikwisha pale mlangoni, ikabaki njaa tu ya kuitwa babangu. Alielewa kwamba mama hakuwa akimdanganya yeye peke yake. Alikuwa ameshona jambo hilo miaka mingi mpaka na yeye akaliamini, na sasa kichwa kilipokwisha kupoteza kila kitu, hilo ndilo lililosalia. Mtoto wake amepona.

Jumamosi alimpelekea fundi kile kipande. Fundi alikizungusha mkononi, akahesabu tabaka kwa ukucha, akashusha pumzi.

"Mzee wangu," akasema, "hapa barazani hakuna mtu nisiyemdanganya kidogo. Huyu nampunguza tumbo, yule namwongezea kifua. Wanalipa, wanashukuru. Mama yako kadanganya bega moja." Akampa sindano ndefu. "Lirudishe mwenyewe. Kwa mkono, siyo kwa mashine. Na uongeze tabaka, maana wewe hujaacha kupinda."

Akaongeza tabaka ya kumi na mbili, ile nguo ya kijivu ya shati la mwisho. Alilifumua jipya begani, akakitia kipande, akakipiga bandi, akakishona. Ilimchukua Jumapili nzima, na vidole vilitoboka kama vya mtu aliyevuna miiba. Jioni, jua bado lipo dirishani, akalivaa, akahisi uzito ule wa zamani ukimkalia begani. Akabisha hodi.

Mama aligeuka. Akamtazama kwa muda. "Ndiyo kwanza unarudi?" akasema. "Wamekuchelewesha wee! Njoo hapa, babangu."

Akaja. Akapiga magoti mbele yake. Kiganja kikashuka shingoni, kikapita begani, kikateleza hadi kiunoni bila kuanguka popote. Karani alikuwa analia, na hakujificha.

Kisha kiganja kikarudi. Kikasimama nyuma ya bega. Mama akakunja uso.

"Hapa nimeshona vibaya," akasema. "Tazama! Mshono umekwenda kombo. Na sindano nimeiacha humu humu, jamani, ningekuchoma." Akachomoa kwenye bitana ile sindano ndefu ya fundi, aliyoisahau mwanawe kama wanavyosahau wanaoanza wote. "Macho yangu yamekwisha. Vua nikurekebishie."

Karani akaishika kola kwa mikono miwili. Akilivua atakuwa nani?

"Vua, baba. Utavaaje kitu kibaya hivi kazini?"

"Nishonee humu humu mwilini, mama," akasema. "Nina haraka."

"Haraka, haraka. Ulivyokuwa mdogo ndivyo ulivyo." Lakini alisogea, akamgeuza, akaanza. "Tulia basi."

Akatulia. Palipokuwa na tabaka zile kumi na mbili sindano haikufika mwilini. Pembeni, zinapopungua, ilifika, ikamchoma, ikatoka, ikamchoma tena, naye hakusogea. Mama mdogo alisimama mlangoni na sahani ya chakula, akaona, akataka kuingia kati. Karani akamtikisia kichwa.

"Unaona?" mama akasema, kichwa kimeinamia kazi. "Unanyooka."

"Ndiyo, mama. Nimenyooka."

Sindano haikuwa na uzi. Alishona nayo mpaka mwisho wa bega, akafunga fundo, akainama akakata kwa meno.